Foleni za petroli Kigoma: kabla ya kumlaumu mwenye dumu, tupige hesabu ya lita

#1 Mleta mada (Kibirizi, Kigoma)

Wakuu, salaam. Naandika saa 3 usiku nikiwa nyumbani Kibirizi. Nimeshinda kwenye foleni tangu alfajiri na nimerudi na dumu tupu. Mimi ni fundi wa injini za boti, na nina mtumbwi mmoja wa dagaa ambao tunaumiliki pamoja na shemeji yangu. Haya ndiyo masiku ya giza, mwezi hakuna, dagaa wanapanda kufuata taa. Wenzetu wachache wenye akiba wako ziwani na taa zao naziona kwa mbali. Wetu umelala mchangani kwa kukosa lita 20 za petroli.

Yalivyoanza ni hivi. Jumapili jioni ilirushwa sauti kwenye magrupu ya WhatsApp. Mtu anasema ana ndugu yake dereva wa lori la mafuta, na kwamba hakuna gari litakaloingia Kigoma kwa wiki mbili. Hakusema kampuni gani, wala lori limekwama wapi. Sauti ile ilinifikia mara tano ndani ya saa moja, mara moja kutoka kwa mama mkwe wangu ambaye hana hata baiskeli. Jumatatu saa 12 asubuhi pale Mwanga pikipiki zilikuwa zimeshapanga mstari mpaka umekata kona. Jioni sheli mbili zikafunga kamba. Leo Jumanne watu wamekuja na madumu, ndoo za rangi, chupa za maji za lita moja na nusu.

Nilikuwa mtu wa kumi na tano hivi kutoka kwenye pampu. Kijana wa sheli akafungua kifuniko cha tanki pale chini, akazamisha ule mti mrefu wenye namba, akautoa, akautazama kwa tochi ya simu ingawa jua lilikuwa linawaka. Sehemu iliyolowa haikufika hata shubiri. Hakusema neno. Akamtazama msimamizi wake, msimamizi akaingia ofisini akafunga mlango. Watu zaidi ya mia mbili wamesimama, na wawili peke yao ndio wanajua kilichomo kwenye tanki.

Dakika hiyo ndipo matusi yalipoanza. Kijana mmoja wa bodaboda akanigeukia: "Mzee wangu, nyinyi wa madumu ndiyo mnaotuua." Sikumjibu, maana nilikuwa nimechoka na pia niliona ana hasira ya haki, ila ameielekeza kwa mtu asiye sahihi. Jibu lake naliandika hapa.

Kwanza, mtumbwi hausukumwi mpaka sheli. Injini ya boti inakula petroli iliyochanganywa na oili, na petroli hiyo itafika ufukweni kwa dumu au haitafika kabisa. Mwenye dumu Kigoma anaweza kuwa mlanguzi, na anaweza kuwa mvuvi, mwenye mashine ya kusaga, au fundi mwenye jenereta ya kuchomelea. Kwa kumtazama tu huwezi kumjua.

Pili, tupige hesabu. Chukua mfano mji una bodaboda 3,000, kila moja inanunua lita 3 kwa siku kwa mafungumafungu, elfu tano hapa, elfu tatu pale. Hizo ni lita 9,000. Lori moja la lita 35,000 linawatosha karibu siku nne. Sasa siku ya hofu kila mmoja anajaza tanki, lita 8 zaidi, na anachukua kidumu cha lita 5 akakiweke nyumbani. Lita 13 mara 3,000 ni lita 39,000. Lori zima halijatosha siku moja! Na hakuna pikipiki hata moja iliyokwenda kilomita zaidi ya jana. Mafuta hayakuliwa. Yamehama tu, kutoka tanki moja kubwa chini ya ardhi kwenda kwenye matanki madogo elfu tatu na chini ya vitanda.

Ndiyo maana naona tunakosea tunapouliza nani mroho. Mimi nauliza hivi: nani alikuwa anajua lori liko wapi, na kwa nini hakusema?

Karibuni tuchangie.

#2 Mdau (Dar es Salaam)

Pole mkuu kwa yaliyokukuta. Lakini tuseme ukweli, wananchi wana mchango mkubwa. Mafuta bandarini yapo, meli zinashusha, na mamlaka zinasema kila mara kwamba akiba ya nchi inatosha. Mtu anasikia sauti ya mtu asiyemjua, anakimbilia sheli na ndoo ya rangi. Hapo unamlaumu nani mwingine?

#3 Mdau (bodaboda, Ujiji)

Kaka wa Dar, mimi ni mmoja wa waliojaza tanki jana na kidumu juu yake, na sioni aibu kusema.

Mwaka 2023, mwishoni mwa Julai, tuliambiwa hivyo hivyo kwamba mafuta yapo, msihofu. Mimi nikaamini, nikaendelea kununua ya elfu tano. Siku ya tatu nikalala na pikipiki ndani haina hata tone. Nikakaa siku nne sina kazi, na hesabu ya bosi iko pale pale, elfu nane kila jioni. Bosi hapokei habari za foleni. Deni lile nililimaliza mwezi wa kumi. Mwenzangu tunayekaa naye kijiwe kimoja hakuamini mtu, alijaza siku ya kwanza, akabeba abiria wakati nauli imepanda mara mbili.

Sasa niambie, safari hii nifanye kama nilivyofanya mimi au kama alivyofanya yeye? Akiba ya nchi iko Kurasini na Kigamboni. Kutoka huko hadi Ujiji ni zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli, na kwa barabara ni mbali zaidi. Mtu wa Dar akisikia "mafuta yapo" anaona matanki kwa macho. Mimi naona kamba kwenye pampu.

#4 Mdau (Tabora)

Nimefanya kazi sheli miaka sita, nikianza pampu na kumaliza kwenye vitabu vya hesabu. Sitataja kituo wala mwenyewe. Naomba niwaeleze kinachotokea nyuma ya ule mlango alioufunga msimamizi, maana watu wengi hawaujui.

Bei kikomo, yaani bei ya juu kabisa ambayo sheli inaruhusiwa kuuza, hutangazwa na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na huanza kutumika saa 6:01 usiku. Kila mji una bei yake kufuatana na umbali kutoka bandarini: Dar es Salaam, Tanga au Mtwara. Kigoma na Kagera ndiko mwisho wa safari, kwa hiyo bei zenu huwa miongoni mwa zile za juu kabisa nchini. Hilo mnalijua kwa mifuko yenu.

Mafuta yanaagizwa kwa pamoja kwa zabuni chini ya wakala wa serikali, PBPA. Kwa hiyo watu wa biashara hii wanajua mapema kama mwezi ujao bei inapanda au inashuka. Wanaangalia bei za meli zilizoshusha, wanaangalia dola, wanapiga mahesabu. Mwananchi ndiye anayesubiri mpaka Jumatano.

Sasa, bei ikitarajiwa kupanda, mwenye sheli anatamani Jumatano imkute tanki limejaa. Mfano wa kweli: Julai 2023 petroli Dar es Salaam ilikuwa shilingi 2,736 kwa lita. Jumatano ya tarehe 2 Agosti ikawa 3,199. Ni ongezeko la shilingi 463 kwa lita. Ukiwa na lita 10,000 tankini na ukaamua kusema "mashine mbovu" siku mbili tu, umeamka na shilingi 4,630,000 ambazo hukuzitolea jasho. Nani asiyeshawishika? Wengine walishawishika. Septemba mwaka huo EWURA ilivifungia vituo kadhaa kwa miezi 6 kwa kosa la kuhodhi mafuta.

Ila kuna upande ambao hamuusemi. Bei ikitarajiwa kushuka nako sheli hukauka. Hakuna anayetaka kununua lori zima Jumatatu kwa bei ya juu, halafu Jumatano alazimishwe kuuza kwa bei ya chini. Anaagiza kidogo, anavuta siku, tanki linaisha Jumanne. Mkumbuke Agosti 2011: EWURA ilishusha bei, makampuni yakagoma kuuza, nchi ikakauka mpaka Bunge likapaza sauti na kampuni moja kubwa ikafungiwa leseni miezi mitatu. Kwa hiyo siku tatu za mwisho kabla ya Jumatano ya kwanza ni siku za hatari, iwe bei inapanda au inashuka. Waungwana, tazameni kalenda. Leo ni Jumanne gani?

Na tusiwapakae matope wote. Sheli nyingi za mikoani ni za watu binafsi wasio na maghala bandarini. Wananunua kwa makampuni makubwa, kwa fedha taslimu, na wakati wa ukata makampuni hayo hujaza kwanza vituo vyenye nembo yao. Mwaka 2023 dola ilipokuwa ngumu kupatikana, mwenye sheli wetu alilipa hela benki, akapewa namba ya foleni ya kupakia, akasubiri siku tisa. Watu walimtukana kila siku kwamba ameficha. Nilikuwa nazamisha ule mti mimi mwenyewe, na tanki lilikuwa kavu kweli.

#5 Mleta mada

Mkuu wa Tabora, ubarikiwe. Hili la siku tatu kabla ya Jumatano sikuwahi kulifikiria, na nimefanya kazi na petroli miaka kumi na minane.

Lakini ona jinsi maelezo yako yanavyomrudia yule kijana aliyezamisha mti. Mwenye tanki kavu na mwenye tanki lililojaa wote wanafunga kamba ile ile, wote wanasema "mafuta hakuna", wote wanafunga mlango. Mimi nikiwa kwenye foleni nitawatofautishaje? Bosi wako alilipia kosa la jirani yake kwa sababu wote wawili walinyamaza kwa namna moja. Angebandika risiti ya benki ukutani, na tarehe aliyopangiwa kupakia, nani angemtukana?

#6 Mdau (Kasulu)

Mnasahau mpaka, ndugu zangu.

Burundi wamekuwa na uhaba mkubwa wa mafuta kwa miaka kadhaa sasa, Bujumbura watu wanalala kwenye foleni. Huku kwetu Manyovu na njia za panya za Buhigwe na Kibondo, dumu la lita 20 likivuka linauzwa kwa bei ambayo ukimwambia mtu wa Dar hataamini. Nimewaona vijana wanaolifanya. Wanapita na baiskeli usiku, madumu mawili ubavuni, moja juu ya kariya. Wanajaza sheli tofauti tofauti ili wasitambulike.

Siwalaumu sana, kazi hakuna. Ila kila hofu inapoanza kwetu, wao ndio wa kwanza kupanga foleni na wa mwisho kuondoka. Kwa hiyo mkuu unaposema mafuta yamehama kwenda chini ya vitanda, ongeza kwamba mengine hayalali kitandani. Yanavuka.

#7 Mleta mada

Nakubali, mkuu wa Kasulu. Hayo yanaondoka kabisa, na hesabu yangu haikuyagusa. Ila mvushaji naye analishwa na giza lile lile la kukosa taarifa. Siku sheli zote ziko wazi na kila mtu ana uhakika wa kesho, kijana anayejaza madumu matatu anaonekana kutoka mbali. Siku ya foleni amejificha katikati yetu.

#8 Mdau (Kigoma Mjini, niliishi Uingereza)

Niongeze kidogo, maana nimeona watu wanadhani hofu hii ni ya watu wasiosoma au wa nchi maskini.

Machi 2012 nilikuwa nasoma Uingereza. Madereva wa malori ya mafuta wapatao 2,000, wanachama wa chama cha wafanyakazi cha Unite, walikuwa wamepiga kura ya kugoma. Mgomo ulikuwa haujapangwa hata tarehe. Waziri mmoja, Francis Maude, akasimama mbele ya waandishi akashauri watu wajaze matanki na kuweka akiba ya petroli kwenye dumu gereji. Alikuwa anadhani anawatuliza! Kesho yake foleni zilikuwa kila mahali, sheli zikakauka, polisi wakaomba baadhi ya vituo vifungwe kwa sababu magari yalikuwa yanaziba barabara. Wazima moto walipiga kelele, kwa sababu dumu la kawaida lile linachukua lita 20, zaidi ya kiasi ambacho sheria ya kule wakati ule iliruhusu kuweka nyumbani kwenye chombo kimoja. Katika siku hizo hizo mwanamke mmoja wa mji wa York aliungua vibaya akihamisha petroli kutoka chombo kimoja kwenda kingine jikoni kwake, jiko la gesi likiwa linawaka. Na mgomo wenyewe haukutokea kamwe.

Septemba 2021 ikajirudia. Safari hii madereva wa malori kweli walikuwa wachache, kampuni moja ikasema itafunga vituo vichache, habari ikavuja. Vituo vichache tu, katika nchi yenye vituo zaidi ya 8,000. Ndani ya siku tatu nne, chama cha wenye vituo binafsi kikasema hadi theluthi mbili ya wanachama wake wameishiwa. Serikali ilirudia kila siku kwamba mafuta yapo tele, na ilikuwa kweli, maghala yalikuwa yamejaa. Mwanzoni mwa Oktoba wanajeshi wapatao 200 wakaingizwa kusaidia usambazaji, nusu yao madereva.

Jambo lililonikaa kichwani ni hili: mara ya kwanza kiongozi alisema "wekeni akiba", mara ya pili walisema "msiweke akiba", na foleni ilikuwa ile ile. Hakuna aliyeambiwa sheli ya mtaa wake itapokea lori saa ngapi.

#9 Mleta mada

Mkuu, umeniumiza uliposema jikoni.

2023 dada yangu, anayekaa Gungu, mume wake alileta dumu la lita 10 akaliweka chumbani nyuma ya kabati. Dumu la mafuta ya kula, kifuniko hakikazi vizuri. Petroli haihitaji kumwagika. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, unashuka chini, unatambaa sakafuni kama maji usiyoyaona. Jikoni ni chumba cha pili, jiko la mkaa limewashwa, mlango katikati una pazia tu. Mpwa wangu wa miaka saba alikuwa amekaa chini anachora. Dada anasema aliona moto wa bluu ukipita sakafuni chini ya pazia, hauna kelele, halafu pazia likawaka. Walimtoa mtoto. Miguu yote miwili kuanzia vifundoni kwenda chini iliungua, akakaa wodini wiki tano. Leo anacheza mpira, lakini soksi havui mbele ya watu.

Shemeji yangu siyo mlanguzi. Ni dereva wa bajaji. Aliweka lita 10 kwa sababu aliogopa kukosa hela ya kumlisha mtoto huyo huyo.

Kwa hiyo wanaposema "wananchi wajinga wanahifadhi mafuta majumbani", mimi hunipanda hasira. Tuwafundishe watu kuhusu mvuke, ndiyo. Lakini aliyemfikisha mtu huyo kwenye uamuzi wa kulala na petroli chumbani naye atajwe.

#10 Mdau (Kigoma)

Mkuu naheshimu machungu yako, lakini naona uzi huu unawatetea kila mtu. Bodaboda ana sababu, mwenye sheli ana sababu, mvushaji hana kazi. Mwisho wa siku nani ana kosa? Taja.

#11 Mleta mada

Swali la haki. Nataja, kwa mpangilio ninaouona mimi.

Wa kwanza ni mwenye mafuta tankini anayesema hayapo. Huyo ni mwizi, na sitatafuta neno laini. Jana saa 4 usiku nimepita kwenye sheli moja iliyofunga kamba tangu mchana, taa zimezimwa, na nyuma kwenye uzio kuna gari aina ya kirikuu linapakiwa madumu. Nimeona kwa macho yangu na nimepiga simu panapohusika. Kufungiwa miezi 6 ni sawa, ila wafungiwapo wiki tano baadaye sisi tumeshaumia. Mkaguzi anatakiwa aje na mti wake Jumatatu na Jumanne kabla ya bei mpya, siku alizozitaja mkuu wa Tabora.

Wa pili ni ofisi zenye taarifa zinazokaa kimya mpaka Jumanne jioni, halafu zinatoka na sentensi moja: mafuta yapo ya kutosha. Yapo wapi? Kiasi gani? Lori limefika Nzega au limelala Kibondo? Wenye dhamana hapa mkoani wanaweza kupata taarifa hizo kwa simu moja. Lori la mafuta si siri ya jeshi, linapita barabarani na maandishi makubwa ubavuni. Sauti ya WhatsApp ya Jumapili ilishinda kwa sababu ilikuwa peke yake uwanjani kwa siku mbili.

Wa tatu ni aliyerusha sauti ile, pamoja na sisi tulioisambaza. Mimi sikuisambaza, lakini pia sikumwambia mama mkwe aiache.

Bodaboda aliyejaza tanki simuweki kwenye orodha.

#12 Mdau (Tabora)

Nakuunga mkono, ila nikupinge hapo kwenye taarifa. Nilipokuwa sheli tuliwahi kuandika ubaoni "petroli imebaki lita 3,000". Unajua kilichotokea? Nusu saa tu, fujo. Waliokuwa hawana haja walikuja. Bosi akasema tusirudie kamwe. Ukisema kidogo kimebaki, umewasha moto zaidi.

#13 Mleta mada

Hoja nzito hiyo, nimekaa nayo mchana kutwa.

Nikueleze tunavyofanya mwaloni. Mtumbwi wa dagaa ukiwa bado kwenye maji, kina mama wameshapanga mabeseni mchangani, moja nyuma ya lingine, kila mtu analijua lake. Nahodha akikaribia anapaza sauti: "Arobaini!" Maana yake amebeba beseni arobaini. Mama ambaye beseni lake ni la hamsini na mbili analibeba, anahamia mtumbwi unaofuata. Hakuna ugomvi. Ugomvi nimeuona siku nahodha amenyamaza, kila mtu anajisukuma mbele mpaka miguuni kwenye maji, mabeseni yanapinduliwa, dagaa wanakanyagwa.

Tofauti ya nahodha na ubao wenu ni mambo mawili. Kwanza, kila mama anajua anapewa beseni moja kwa zamu. Pili, mtumbwi mwingine anauona kwa macho unakuja. Nyinyi mliandika lita 3,000 bila kuandika kila mtu anapata ngapi, na bila kuandika lori lijalo liko wapi. Mtu akisoma hivyo anaelewa "hizi ndizo za mwisho duniani". Ingeandikwa hivi: zimebaki lita 3,000, pikipiki lita 3, bajaji lita 5, gari lita 15, mvuvi mwenye barua ya mtaa lita 20, lori limepita Nzega saa 2 asubuhi. Wa 52 angejipima mwenyewe, akaondoka.

Kuhusu barua. Wavuvi tunazuiwa dumu kwa amri ya jumla kila hofu inapoanza, na nia yake naielewa baada ya yaliyompata mpwa wangu. Basi tupewe utaratibu wetu: sheli moja iliyo karibu na mwalo, saa maalumu, dumu la chuma au lile gumu lenye kifuniko kinachokaza, jina la mtumbwi kwenye daftari. Masiku ya giza ni machache kwa mwezi, tukiyakosa hakuna anayetufidia, na wiki ijayo mtasikia bei ya dagaa sokoni Mwanga na mtadhani ni wachuuzi.

#14 Mdau (bodaboda, Ujiji)

Mzee wangu, yule kijana aliyekutukana kwenye foleni siyo mimi, lakini ni wa kijiwe chetu, amenionyesha uzi huu. Anasema umsamehe. Hakujua habari za mitumbwi.

Kidumu changu cha lita 5 nimekitoa ndani, nimekiweka nje nyuma ya choo kwenye kivuli. Mke wangu amesoma post #9.

#15 Mleta mada

Mwambie hajanikosea, naye alikuwa na njaa kama mimi.

Mrejesho kwa walio Kigoma, leo Jumatano saa 1:20 usiku. Malori mawili yameshusha, moja Mwanga na moja Gungu. Nimezungumza na dereva mmoja: hakuzuiwa na mtu, alilipiwa akachelewa kupakia, akaondoka Dar Jumapili, siku ile ile sauti inarushwa. Anasema nyuma yake kuna mengine mawili, aliyaacha yanajaza upepo Kibondo saa 7 mchana. Kwa mwendo wao yanaingia usiku huu au alfajiri.

Gungu wanatoa lita 5 kwa pikipiki, foleni kama pikipiki sitini. Mwanga ni ndefu zaidi, msiende. Msimamizi wa Gungu amekubali wavuvi wa Kibirizi na Katonga waje saa 3 usiku na barua ya mwenyekiti wa mtaa, lita 20 kila mtumbwi, madumu ya kifuniko kibovu hayapokelewi. Mwenyekiti wetu yuko nyumbani kwake, nimemwacha anaandika. Anayehitaji aende sasa hivi.